Anasimulia hadithi nzima, akiandika anaishia mstari wa tatu

Barua za kuuliza kuhusu mwandiko wa watoto zimenijaa mezani, kwa hiyo safu hii leo nimeiachia mwandiko peke yake. Kwa msomaji mpya: mimi ni mtaalamu wa tiba kazi, na ninaofanya nao kazi ni watoto. Fani yetu inamsaidia mtu aweze shughuli anazotakiwa kuzifanya kila siku. Kwa mtoto wa shule shughuli hizo ni kuvaa, kula, kufunga vifungo, kucheza, na kuandika. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Marekani waliochunguza madarasa ya shule za msingi walikuta kwamba kazi za vidole, nyingi zikiwa za penseli na karatasi, zinachukua kati ya asilimia 31 na 60 ya siku ya darasani. Mtoto asiyeweza kuandika vizuri yuko taabuni kwa muda wote huo, tena mbele ya wenzake.

Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

*

Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Anasoma bila shida, na ukimwambia akusimulie hadithi atasimulia mpaka wewe uchoke. Mpe penseli sasa. Wenzake wanajaza ukurasa, yeye ana mistari mitatu, tena haisomeki. Anakandamiza mpaka ncha inavunjika, halafu analalamika mkono unauma. Mwalimu wake anasema ni uvivu. Niliambiwa nimnunulie plastisini, shanga za kutunga na kile kimpira cha kuvalisha penseli. Tumefanya miezi miwili na mwandiko uko vilevile. Nikazane au niache?
*Mama wa mwana wa pekee*

Mama, neno uvivu tuliondoe kwanza. Mvivu haumwi mkono. Kwa maelezo yako, mwanao anatumia nguvu nyingi kuliko wenzake ili apate mistari mitatu, na akimaliza anaambiwa hakujitahidi. Hilo linaumiza kuliko hata mkono wenyewe, na ningekuwa karibu nawe ningeomba tumwone mwalimu pamoja.

Plastisini na shanga hazina ubaya. Vidole vinapata nguvu, mtoto anafurahi. Ila mwandiko haupatikani humo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Kanada mwaka 2011 yalionyesha kwamba mipango isiyo na mazoezi ya kuandika kwenyewe haikuboresha mwandiko, na hata yenye mazoezi hayo haikufaa kitu pale vipindi vilipokuwa chini ya 20. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2016, uliojumlisha tafiti nyingi, ulifika palepale: ukimfundisha mtoto kuandika, mwandiko unatengenea, ukimpa mazoezi ya vidole peke yake, haubadiliki. Nalisema hili kwa uwazi kwa sababu wazazi wengi wanatumia pesa na jioni zao kwenye shanga huku herufi zenyewe hazijaguswa.

Sasa nakuomba ufanye hivi. Kaa kando ya mtoto, upande wa mkono asioandikia, umwambie aandike sentensi fupi: *kaka anakata kamba*. Usimsahihishe. Tazama tu kila herufi inaanzia wapi na penseli inaelekea wapi. Daftari likishafungwa haliwezi kukuonyesha jambo hili.

Niliwahi kuletewa binti wa umri wa mwanao ambaye mwandiko wake ulikuwa wa kuridhisha ukiutazama, lakini darasani alikuwa wa mwisho siku zote. Nilipokaa kando yake nikaiona shida ndani ya neno moja. Herufi *a* ya kwanza aliianzia chini, akazungusha kuelekea kulia, akainua penseli, akaongeza kijiti kutoka chini kwenda juu. Ya pili aliianzia juu, akazungusha kushoto. Ya tatu akaanza na kijiti, mviringo ukafuata. Kila *a* aliichora upya, kama mtu anayeuliza njia ya kwenda nyumbani kwake kila jioni. Anayeandika kwa wepesi hafikirii umbo la herufi. Mkono unajua, akili iko kwenye anachotaka kusema. Yule binti akili yote ilikuwa imekwama kwenye viduara. Nahisi hadithi za mwanao zinaishia hapohapo.

Anza na *a*. Katika Kiswahili hakuna herufi tunayoiandika mara nyingi zaidi, na ikiachwa wazi juu inasomeka *u*. *Kaka* anageuka *kuku*, *kata* inakuwa *kutu*, na mwalimu anaweka alama nyekundu ya kosa kwenye jibu ambalo mtoto alilijua. Mwonyeshe njia moja tu: anzia juu upande wa kulia, rudi kushoto ukizunguka, panda ufunge, kisha shuka wima bila kuinua penseli. Sema kwa sauti unapoandika: "zunguka, panda, shuka". Mzunguko huohuo unamzalia *c*, *d*, *g* na *o*, hivyo baada ya siku chache anaandika maneno kamili: *dada, gogo, doa*. Zikikaa sawa, nenda kwa zinazoanza kwa kushuka wima, yaani *i, t, l, u*. Halafu zinazoshuka na kupanda tena, *n, m, h, r, b, p*. Za mshazari kama *k, v, w, y, z* ziwe za mwisho, kwa kuwa mstari wa mshazari ndio mgumu zaidi kwa watoto.

Dakika 10 hadi 15 zinatosha kwa siku, siku nne au tano kwa wiki. Kila kipindi: unaandika wewe akiangalia, anapita juu ya maandishi yako mara chache, kisha unafunika mfano na anaandika kwa kumbukumbu. Hapo pa kufunika msiparuke. Anayenakili tu akiwa na mfano mbele yake hajaimiliki herufi. Baadaye iingize ndani ya neno, na neno ndani ya sentensi aliyoitunga mwenyewe. Mwisho mpe penseli ya rangi azungushie herufi yake iliyo nzuri kuliko zote na akwambie kwa nini ameichagua. Mtoto anayeweza kusema "hii imefunga, ile haijafunga" ameshaanza kujisahihisha mwenyewe. Lakini usimpe ukurasa mzima wa *a*. Mkono ukichoka herufi zinaharibika, na hizo mbovu za mwisho ndizo utakazokuwa unamzoeza.

Kuhusu kukandamiza, geuza ukurasa alioandika upapase nyuma kwa vidole. Ukihisi mistari imetokeza, nguvu zimezidi. Watoto wengi wa aina hii hawazihisi nguvu zao wenyewe, kwa hiyo kuwaambia "usikandamize" hakuwafikii. Tafuta karatasi mbili za kaboni. Panga karatasi nyeupe, kaboni, nyeupe, kaboni, nyeupe. Mpe kazi: maandishi yafike kwenye karatasi ya pili, ya tatu ibaki safi. Atafunua mwenyewe aone. Mara ya kwanza itajaa mpaka ya tatu, na ataomba arudie. Penseli ya kubonyeza nayo ni mwalimu mzuri, kwani risasi yake nyembamba hukatika nguvu zikizidi. Na penseli laini yenye alama ya 2B inatoa weusi kwa mguso mdogo, kwa hiyo mtoto hana sababu ya kukandamiza ili aone alichoandika.

Mtazame pia kidole cha shahada anapoandika. Kiungo cha karibu na kucha kikipinda kwa ndani mpaka kidole kionekane kimevunjika, huenda viungo vyake vimelegea, na maumivu anayoyasema ni ya kweli kabisa. Mtoto huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu wa tiba kazi ana kwa ana. Penseli nene kidogo inaweza kumpumzisha wakati mnasubiri.

Kabla ya yote macho yapimwe. Kisha jiulize: vifungo vya shati anafunga? Mpira anadaka? Mkasi unamtii? Kama anahangaika na hayo pia, shida inaweza kuwa ya mwili mzima kupanga mienendo, hali inayowapata watoto kama 5 au 6 katika kila 100. Ina jina, ina msaada, wala haitokani na malezi. Mtaalamu atamtazama anavyokaa, atampa maumbo anakili, atapima kasi yake anaponakili, anapoandika imla na anapotunga mwenyewe. Hizo ni kazi tatu tofauti na mara nyingi mtoto hukwama kwenye moja tu.

Mwalimu mwombe kitu kimoja kwa sasa: pale anapotaka kujua kama mtoto ameelewa somo, amwache ajibu kwa mdomo. Atamsikia huyo msimulizi unayemjua wewe.

*

Nafundisha darasa la pili na darasa limejaa. Nusu ya watoto wanashika penseli wanavyojua wenyewe. Wengine wanatumia vidole vinne, wengine gumba limelala juu ya vidole. Niwasahihishe wote? Na wale wanaobaki nyuma kila ninapoandika ubaoni, niwafanyeje?
*Mwalimu wa darasa la pili*

Mwalimu, ahsante kwa kuuliza kabla ya kuwabadilisha.

Tulizoea kuamini kwamba mshiko halali ni mmoja: gumba na kidole cha shahada vimebana, penseli imelala juu ya kidole cha kati. Ni mshiko mzuri, nami huufundisha kwa wanaoanza. Lakini mishiko iliyokomaa ni minne: huo wa vidole vitatu, wa vidole vinne, na ile miwili ambayo gumba linavuka juu ya penseli na kuegemea upande wa kidole cha shahada. Utafiti uliofanywa Kanada kwa watoto wa darasa la nne, ukachapishwa mwaka 2012, uliilinganisha yote minne. Haikutofautiana kwa kasi wala kwa kusomeka. Hao wa vidole vinne waache waandike.

Ingilia pale unapoona mkono unauma au unachoka upesi, vidole vimegeuka vyeupe kwa kubana, ngumi nzima ndiyo inayosogea badala ya vidole, au mkono unafunika kile mtoto anachoandika. Ingilia mapema, maana mshiko ukishazoeleka kwa miaka unakuwa mgumu sana kubadilika, na mtoto mkubwa asipotaka mwenyewe utapoteza nguvu zako bure. Kwa wadogo silaha yangu ni penseli fupi. Ivunje au tumia kipande kilichobaki, kisichozidi urefu wa kidole chake. Ngumi haina mahali pa kukaa kwenye kipande kile, kwa hiyo vidole vinajipanga vyenyewe. Mpe pia kikaratasi alichokikunjakunja akifiche kwa kidole cha pete na kidole cha mwisho huku akiandika. Vidole hivyo viwili vikiwa na kazi ya kushika, vile vitatu vinabaki huru kuandika.

Kabla ya vidole, tazama miguu. Pita katikati ya madawati uone ni wangapi miguu inaning'inia. Mtoto asiyefika chini anatumia mwili wote kujizuia asiteleze, na mkono wa pili ambao ungeshika daftari unashika dawati. Boksi gumu lililojazwa magazeti na kufungwa kamba linatosha kuwa kiegemeo cha miguu. Meza ikae sawa na kiwiko kilichokunjwa, au iwe juu yake kwa sentimita 5 hivi. Ikimfika kifuani, mabega yatapanda na mkono utachoka kabla ya kengele.

Ubaoni kuna kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Macho yanapanda, yanatafuta mahali, yanabeba herufi, yanashuka, yanatafuta mahali tena, mkono unaandika. Anayebeba herufi mojamoja, neno *kitabu* linamgharimu safari sita. Mfundishe abebe silabi, anong'one *ki*, *ta*, *bu*, na safari zinakuwa tatu. Lugha yetu inatupa bahati hiyo: silabi zake ni fupi na nyingi zinaishia na irabu, mtoto anaweza kuishika moja mdomoni mpaka mkono umalize. Kwa wawili watatu waliobaki nyuma kabisa, andika kwenye kikaratasi uwawekee mezani ili macho yasisafiri mbali. Na maswali wasinakili. Waandike namba na jibu. Unachotaka kupima ni kama wanajua, na swali uliliandika wewe.

Alama za mwandiko na alama za somo zitenganishe. Na nasema hili kwa walimu wote wanaosoma safu hii: msichane ukurasa wa mtoto kwa sababu ya mwandiko, wala msimzuie kutoka kucheza mpaka amalize kunakili. Ukurasa ule ulikuwa kazi yake ngumu kuliko zote za siku hiyo. Mapumziko ndiyo saa ambayo mabega na mikono yake inapumua. Nimekutana na watoto wengi mno ambao hawakuja kwangu na shida ya vidole tu. Walikuja na hofu ya daftari, na hofu ile ilichukua muda mrefu kutoka kuliko shida yenyewe.

*

Mwanangu, namlea mjukuu wangu wa miaka 6. Ni mashoto. Watu wananiambia nimhamishie kulia mapema kabla hajazoea, lakini nikimhamisha analia. Nifanyeje?
*Bibi mwenye mjukuu*

Shikamoo bibi. Mwache na kushoto kwake. Mkono anaoupenda mtoto unaamuliwa ndani ya ubongo, na katika kila watu 10 mmoja hivi ni wa kushoto. Ukimlazimisha kulia atakuwa na mkono ambao si mwepesi, na kilio juu yake.

Anachohitaji ni kupangiwa karatasi yake. Wa mkono wa kulia analaza daftari likiinamia kushoto. Mjukuu wako aligeuzie upande wa pili, ile kona ya juu ya kushoto ndiyo iwe mbali naye zaidi. Daftari likae kidogo upande wa kushoto wa kifua chake, lisikae katikati. Penseli aishike juu kidogo, kama sentimita 3 kutoka kwenye ncha, ili aone anachoandika. Mkono ukae chini ya mstari. Mashoto wengi wanakunja kifundo cha mkono kama ndoana wakaandika kutoka juu, na chanzo chake ni kwamba hakuna aliyewageuzia karatasi. Mwombe mwalimu amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, kiwiko chake kisigongane na cha jirani. Mkasi mnunulie wa mkono wa kushoto ukiupata, maana huu wa kawaida mkononi mwake unapinda karatasi badala ya kukata.

*

Binti yangu ana miaka 5. Anageuza *b* na *d*, tarakimu 3 inaangalia upande wa pili, na shule tayari inataka sentensi. Akiona penseli anaitupa. Ni tatizo?
*Baba mwenye wasiwasi*

Baba, kugeuza herufi katika umri huo ni kawaida, na huendelea kwa watoto wengi mpaka karibu miaka 7. Kukiendelea baada ya hapo, au kama kusoma nako kunamshinda, mlete.

Mimi ningepima kitu kingine. Mwombe achore mstari wa wima, wa kulala, duara, msalaba, mraba, halafu alama ya X, wewe ukichora kwanza. Watoto hupata maumbo haya kwa mfuatano huohuo, na X huja karibu na miaka 5. Kama mshazari bado haujamjia, *k* na *v* zitamtesa bure, na sentensi ndiyo kabisa. Mpeni maumbo makubwa kwa wiki kadhaa: brashi na maji ukutani, chaki chini, kidole mchangani. Ukuta unasaidia zaidi, kwa sababu kifundo cha mkono kinajiweka chenyewe mahali pake na bega linafanya kazi.

*B* na *d* zisifundishwe siku moja. *D* ifuate *a*, kwa sababu inaanza na mzunguko uleule. *B* ingojee kundi la kushuka wima. Mkono ukijua kwamba moja huanza kwa kuzunguka na nyingine kwa kushuka, macho hayana cha kuchanganya.

*

Nina miaka 12. Mwandiko wangu ni mbaya tangu darasa la kwanza. Nimeshafanya mazoezi na mtaalamu, umepata nafuu lakini bado naandika polepole sana. Kwenye mtihani naacha maswali ninayoyajua kwa sababu muda unaisha. Mjomba amenipa kompyuta yake ya zamani. Nikianza kuchapa nitakuwa nimekata tamaa?
*Binti anayependa sayansi*

Hapana mwanangu. Barua yako nimeisoma yote, na iko wazi kuliko nyingi za watu wazima. Kuandika ni njia ya kutoa yaliyo kichwani. Ukipata njia ya pili umeongeza, hujapoteza.

Kuchapa nako kunafundishwa. Anayetafuta herufi kwa vidole viwili huenda polepole kuliko anayeandika kwa mkono, kwa hiyo usihamie kabla ya wakati. Jifunze vidole vyote, dakika 10 au 15 kila siku, bila kutazama vibonye. Kila baada ya wiki kadhaa chukua aya moja, iandike kwa mkono kwa dakika tano, kisha ichape kwa dakika tano, uhesabu maneno. Siku vidole vitakapoushinda mkono kwa mbali, ndiyo siku ya kutumia kompyuta kwa insha na ripoti ndefu. Mkono utabaki na kazi za michoro, hesabu na maandishi mafupi.

Kwa upande wa mkono, usijaribu kutengeneza kila kitu. Chukua ukurasa wako wa wiki iliyopita, umpe mtu asiyekuzoea, umwambie asome kwa sauti, na uweke alama kila anapokwama. Huenda ukagundua anakwama kwa sababu maneno yameshikana, au kwa sababu herufi zenye mkia na zisizo na mkia zina kimo kimoja. Chagua hilo moja. Kuna utaratibu uliotengenezwa Kanada na wataalamu wa tiba kazi Helene Polatajko na Angela Mandich ambao ninaupenda kwa watoto wakubwa, kwani mtoto ndiye anayefikiri, mtaalamu anauliza tu. Unajiwekea lengo, unapanga, unafanya, unakagua. Lengo: "maneno yangu yaachane". Mpango unautunga wewe: labda upana wa herufi *o* moja kila baada ya neno. Unaandika mistari mitano. Kisha unakagua: mpango umefanya kazi? Kama haukufanya, unabadilishwa mpango, si wewe.

Sasa mtihani, ambao ndio uliokufanya uandike. Onyesha barua hii kwa mzazi wako na mwalimu wa darasa, muombe mapema, miezi mingi kabla ya mtihani wa mwisho. Yapo mambo yanayoweza kuombwa: muda wa ziada, kutumia kompyuta, au mtu wa kukuandikia unachosema. Wanaoendesha mitihani kwa kawaida hutaka ripoti ya mtaalamu na ushahidi kwamba hivyo ndivyo unavyofanya kazi darasani siku zote, kwa hiyo anza kutumia msaada huo kwenye majaribio ya kawaida sasa. Mtaalamu aliyekuona ana vipimo vyako vya kasi. Aviandike. Kama utapewa mwandishi, fanyeni mazoezi pamoja, maana kusema jibu lenye mpangilio mtu akiandika ni ujuzi wa peke yake.

Na ukiwa chumbani mwa mtihani, anza na maswali ya majibu mafupi unayoyajua. Kwa yale marefu, kama dakika zinakwisha, andika hoja zako kwa maneno machache chini ya namba ya swali. Karatasi yenye hoja tatu inaweza kupata alama. Iliyo tupu haipati.

Aibu uliyoitaja mwishoni mwa barua sikuichapa hapa, lakini nimeisoma. Huna deni la aibu kwa mtu yeyote.

*

Mwanangu wa miaka 9 alikuwa na mwandiko mzuri wa kupigiwa mfano. Tangu muhula huu uanze umeharibika, mkono unatetemeka na vitu vinamponyoka. Nianze naye mazoezi ya mwandiko ya kila siku?
*Mama, kwa haraka*

Hapana mama, mazoezi yasubiri. Mtoto ambaye hajawahi kuandika vizuri ni wangu. Aliyekuwa anaweza kisha uwezo ukapotea ni wa daktari kwanza, na nakuomba umpeleke wiki hii. Ukiona udhaifu umemjia ghafla upande mmoja, usoni au mkononi, au maneno yanamtoka vibaya, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Beba daftari la muhula uliopita na la sasa, daktari ayaone kwa pamoja. Andika siku ulipoliona badiliko kwa mara ya kwanza, dawa yoyote anayotumia, na kama kuna kichwa kuuma asubuhi, kutapika, kujikwaa au kuona vitu viwiliviwili. Shuleni waambie asiandikishwe kwa nguvu mpaka ajulikane ana nini. Daktari akishasema, niandikie tena.